Tupeane uzoefu: kupima wanafunzi kidijitali kwenye shule ndogo za msingi

Kalamu Nyekundu (mwanzisha mada)

Walimu wenzangu, poleni na kazi. Naomba tupeane uzoefu wa kupima watoto kwa vifaa vya kidijitali, hasa sisi wa shule ndogo: walimu wachache, madarasa mawili chumba kimoja, kishikwambi kimoja kinazunguka shule nzima. Ushauri mwingi ninaokutana nao ni wa darasa ambalo kila mtoto ana kifaa chake.

Naanza na langu. Nilipoletewa programu ya kusahihisha niliambiwa itaniokolea muda. Nikacheka kimoyomoyo. Darasa la tatu nina watoto 11. Hesabu kumi za watoto 11 nazisahihisha nikiwa nimesimama. Muda ulioniishia ni wa kuingiza maswali usiku, na nilikaribia kuachana nayo.

Kilichonirudisha hakuna aliyekuwa amenitajia. Nikisahihisha kwenye daftari naweka alama ya kosa, naandika 6/10, daftari linarudi kwa mwenyewe na kosa linaondoka nalo. Programu inabaki na jibu lenyewe. Siku moja nikapanga majibu kwa swali badala ya kwa jina. 52 − 27: watoto wanne wamejibu 35. 81 − 46: walewale wanne, 45. Nikakaa chini. Kumbe hawabahatishi hata kidogo! Kila safu wanachukua tarakimu kubwa wanatoa ndogo, iwe juu au chini. Kwenye daftari sikuwahi kuwaona kama kundi, maana huyu alikuwa na 4 na yule 7. Wa 4 alikuwa na makosa mengine juu ya hilo. Nikawaita wanne kwenye meza moja na vijiti vilivyofungwa kumikumi. Alipofika pa kukopa, mmoja akafungua kifungu, akavitazama vile vijiti kumi, akasema, "Aa, kwa hiyo mwalimu vilikuwa humu humu."

Haya, leteni yenu, matamu na machungu.

Mama Ubao

Mimi nina simu yangu tu, watoto hawana kitu. Natumia Plickers, programu ya simu ya kukusanya majibu. Kila mtoto ana kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi; akiishika upande huu ni A, akiigeuza ni B, hivyo hivyo hadi D. Napitisha kamera darasani, majibu yanaingia. Herufi zenyewe zimeandikwa ndogo pembeni, kwa hiyo kumchungulia jirani ni kazi.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, kadi nilizipiga nailoni ya kung'aa. Waliokaa karibu na dirisha kadi zao zikawa zinarudisha mwanga na kamera haiambulii kitu. Chukueni isiyong'aa. Pili, watoto wanashika kadi katikati, vidole vinafunika mweusi. Sasa tuna wimbo mfupi wa "kona, kona" kabla ya swali la kwanza.

Na jamani, majibu ya kuchagua yatungeni kwa akili. Kwenye 63 − 38 naweka 25 ambalo ndilo, naweka 35 kwa ajili ya ugonjwa wa Kalamu Nyekundu, na 101 kwa aliyejumlisha. Ukiweka namba za kuokoteza, mtoto akikosa hujui kakosea wapi.

Daftari la Mistari

Mimi ni mzee wa daftari na daftari langu haliishiwi chaji. Lakini sikuja kubisha, nimekuja kulalamika kuhusu asilimia. Darasa langu ni watoto 8. Mtoto mmoja peke yake ni asilimia 12.5! Kuna mwezi chati ilionyesha ufaulu umeanguka kutoka 75 hadi 62.5, na mshale mwekundu wa kuelekea chini. Nikaitwa kujieleza. Nikajieleza: mtoto mmoja aliumwa jino siku ya jaribio. Kwisha. Tangu hapo naandika "5 kati ya 8" na majina ya watatu waliobaki, asilimia namwachia mwenye darasa la watoto 80.

Chaki Tatu

Hapo kwa Daftari la Mistari nimecheka, yamenikuta.

Mimi ni wa kusoma. Napima kwa utaratibu wa EGRA, yaani upimaji wa stadi za kusoma kwa madarasa ya mwanzo, kupitia programu ya Tangerine, ambayo haihitaji intaneti wakati wa kupima. Matokeo nayapakia baadaye. Mtoto anasoma kwenye karatasi, mimi nashika kishikwambi na kugusa kila neno analokosea. Sekunde 60 zikiisha nagusa neno la mwisho alilofikia, hesabu ya maneno sahihi kwa dakika inatoka yenyewe. Akikosa mstari wote wa kwanza, zoezi linasimama, hateseki.

Tatizo lilikuwa kidole changu. Mtoto mmoja kila nikigusa anasita, anarudi nyuma, anatafuta kosa. Alikuwa anakisoma kidole, hasomi karatasi. Sasa nakaa ubavuni, kioo nimekiinamisha upande wangu, na nagusagusa pembeni hata pasipo na kosa. Namba zake zilipanda siku hiyohiyo, bila kufundishwa chochote.

Halafu nina binti anayesoma polepole mno, kwenye orodha yuko chini kabisa, ila maswali ya ufahamu ya pale alipofikia anajibu yote. Anayeongoza kwa kasi hakuniambia hata hadithi ilimhusu nani. Ukiangalia safu ya kasi peke yake, mtoto wa kusaidiwa utamkosea.

Mwalimu wa Zamu

Yangu mafupi. Darasa la kwanza, swali la kuburuta namba hadi kwenye kisanduku. Mtoto kapata sifuri. Nikamuuliza kwa mdomo, anajua zote. Kidole kilikuwa kinaiachia namba katikati ya njia. Siku hizi kabla ya jaribio wanacheza kwanza na maswali yasiyo na alama.

Jingine: kishikwambi cha zamu, mtoto anaendelea kwenye akaunti ya aliyemtangulia. Nilikuwa na mtoto mwenye majaribio mawili na mwingine asiye na hata moja.

Na msiwamulikie ripoti ukutani eti mmeficha majina. Watoto sita! Wanajua rangi nyekundu ni ya nani kabla hujakaa.

Mgeni Darasani

Nauliza tu: nina kishikwambi kimoja na watoto 19 wa madarasa mawili. Nianzie wapi?

Kalamu Nyekundu

Karibu, mwalimu. Usianze na mtihani wa muhula. Chukua mada moja inayokusumbua, maswali matano tu, majibu uliyoyatunga kama alivyosema Mama Ubao. Wakati darasa moja linaandika, lingine linapita kwenye kishikwambi mmojammoja, na jina la mtoto ufungue wewe mwenyewe, usimwachie yeye. Wakimaliza, usiangalie jumla. Fungua swali la tatu, usome walichojibu.

Mama Ubao, huo wimbo wa "kona, kona" tutumie basi hata mstari mmoja.