apropos inajibu "nothing appropriate" kwa kila neno, na man cd haipo. Seva haina intaneti

kidirisha_cheusi
Wakuu, naombeni msaada. Seva ni Ubuntu 22.04, naingia kwa ssh (kutoka mbali), intaneti imefungwa. `man ls` (man hufungua ukurasa wa maelezo ya amri) inafunguka vizuri, lakini `man cd` inasema "No manual entry for cd", na `apropos disk` (apropos hutafuta amri kwa neno) inasema "disk: nothing appropriate". Natafuta amri ya kuonesha folda ipi imejaza diski, jina lake silijui. Kuna pakeji imekosekana?

mzizi_mkuu
Hakuna kilichokosekana, mkuu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

`cd` si programu ya kujitegemea, imo ndani ya bash, yaani shell inayopokea amri unazoandika. Ukiandika `type cd` utajibiwa "cd is a shell builtin". Amri za namna hiyo (`export`, `alias`, `ulimit`) msaada wake ni `help cd`, si man.

Kuhusu apropos: haisomi kurasa zenyewe. Inapekua faharasa ya maelezo mafupi inayotengenezwa na mandb, na kwako inaelekea haijatengenezwa. Endesha `sudo mandb`, haihitaji intaneti.

Halafu usitafute "disk". Maelezo mafupi ya unayoitaka ni "estimate file space usage", neno disk halimo kabisa. Andika `apropos -a space usage`. Hiyo -a inalazimisha maneno yote mawili yawemo. Bila yake utamwagiwa kila chenye "space" na kila chenye "usage". Utaziona `df` na `du`. Yako ni `du`.

bomba_na_grep
Naongezea namna ya kusoma ukurasa, maana wengi hushuka kwa mshale hadi wanachoka. Ndani ya `man du` andika `/^ *-d` kisha Enter: inaruka moja kwa moja kwenye mistari inayoanza na -d. Utaangukia -D kwanza, kwa sababu man huonesha ukurasa kwa programu ya less, ikitafuta bila kujali herufi kubwa na ndogo. Bonyeza `n` uende inayofuata, `N` kurudi nyuma, `q` kutoka. Utaona -d ndiyo inayoweka kina cha folda za kuonesha, na hapo utapata hii:

`sudo du -xh -d 1 /var | sort -h`

Kubwa zaidi zinakaa chini. -x inaizuia isivuke kwenda kwenye diski nyingine zilizounganishwa.

kidirisha_cheusi
mandb imekubali, shukrani. Sasa `man crontab` (crontab hupanga amri zijiendeshe kwa wakati) inanipa -e, -l na -r tu. Mpangilio wa dakika na saa uko wapi?

mzizi_mkuu
`man 5 crontab`. Sehemu ya 1 ni amri, ya 5 ni muundo wa mafaili, ya 8 ni kazi za msimamizi. Usipotaja namba, man hufungua ya kwanza inayoikuta. `whatis crontab` inakuorodheshea zote. `passwd` nayo ni hivyo hivyo.

bomba_na_grep
Kwenye kontena la Ubuntu (Ubuntu iliyopunguzwa, inayoendeshwa ndani ya mashine nyingine) mandb haitasaidia, kurasa zenyewe zimeondolewa. Huko ni `unminimize`, amri ya kurudisha vilivyopunguzwa, na hiyo inahitaji intaneti.