Na Mama Yao Je?

*Kikundi: Ukoo wa Babu*

Baba Imani: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jana nimekaa na Imani tukaangalia ile filamu ya King Richard, ya baba yao Venus na Serena, wale mabingwa wa tenisi wa Marekani, ile iliyompa Will Smith tuzo ya Oscar 2022. Tumelala saa saba usiku. Kila mwenye mtoto humu aitafute.

Mama Tatu: Ya yule baba aliyepanga watoto wawe mabingwa hata hawajazaliwa?

Baba Imani: Hiyohiyo. Mzee Richard Williams alimwona kwenye runinga Mromania mmoja, Virginia Ruzici, anakabidhiwa hundi nono ya ushindi. Akasema binti zangu watacheza mchezo huu. Tenisi yenyewe haijui! Akaanza kujifunza, akaandika mpango kurasa na kurasa. Venus akazaliwa 1980, Serena 1981. Leo hesabu: Serena mataji 23 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, peke yake, Venus 7, na wakicheza pamoja 14. Na mimi naandika mpango wangu. Kuanzia kesho saa 11 alfajiri mimi na Imani tuko kiwanjani, na mwaka huu hakuna mashindano ya watoto tutakayoyakosa.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kwenye huo mpango, mama Imani yumo?

Baba Imani: Kivipi shangazi?

Shangazi: Niko zamu, nikipumzika nitaandika.

Mjomba Mkubwa: Marahaba wote. Mimi kilichonigusa ni ile mipira. Wale watoto pale Compton, California, walifundishwa kwa mipira iliyochoka, baba yao anaijaza kwenye toroli la dukani. Mnajua nilikuwa muokota mipira klabuni nikiwa na miaka kumi na mbili. Mpira wa tenisi ukiisha unaujua hata gizani. Manyoya yamekatika, ukiubonyeza kwa dole gumba unaingia, ukiudundisha unasema "puu" halafu unaishia magotini. Wakubwa wakiitupa, sisi tunaikusanya, jioni tunacheza kwa vipande vya mbao. Sasa mpira usioruka haukusubiri. Lazima uufuate mbio, upinde magoti, uupige kabla haujafa. Mtoto aliyezoea huo ukimpa mpira mpya anauona kama umesimama hewani unamngoja.

Tatu: Mjomba hii hujawahi kutuambia 😮

Mjomba Mkubwa: Hamjawahi kuniuliza, mwanangu.

Shangazi: Haya, nimekaa. Baba Imani, nisome taratibu. Mama yao wale mabinti anaitwa Oracene Price. Alikuwa nesi, kama mimi. Alipoolewa na huyo mzee alikuwa na mabinti watatu tayari: Yetunde, Lyndrea na Isha. Wakawa watano. Serena amesimulia kwamba chumba kilikuwa na vitanda vinne, na kwa kuwa yeye ndiye mdogo, kila usiku alikuwa anahamia kwa dada tofauti. Mtoto analala leo na huyu kesho na yule, halafu unaniambia alilelewa na mpango wa baba peke yake? Na Oracene hakuishia kupika na kufua. Alijifunza tenisi ukubwani, akaingia kiwanjani akawafundisha. Yeye alikuwa kocha wao sawasawa na mume wake. Mimi najua kutoka zamu miguu imevimba, ukafika nyumbani mtoto anataka umsikilize. Huyo mama alitoka kazini akashika raketi. Watu wote wanasema "baba yao, baba yao". Inaniuma kweli.

Mama Tatu: Shangazi umesema 🙏🏾

Baba Imani: Sijabisha shangazi. Ila bila ule ukali wa baba wasingefika.

Tatu: Baba mdogo, naomba niongeze. Huyo mzee mnayemwita mkali ndiye aliyewatoa kwenye mashindano ya watoto. Mwaka 1991 walihamia Florida kwa kocha Rick Macci, na hata huko alikataa wazungushwe kila wiki kwenye mashindano ya junia. Makocha walimshangaa. Wakati huo kulikuwa na Jennifer Capriati, aliyeingia kwenye tenisi ya kulipwa 1990 akiwa na miaka 13. Akapata dhahabu ya Olimpiki 1992, na kabla hajafika 18 alikuwa amechoka, akaacha mchezo kwa muda. Venus alicheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa Oktoba 1994 pale Oakland, na akashinda. Mechi ya pili akakutana na bingwa Mhispania, Arantxa Sánchez Vicario, akachukua seti ya kwanza, akaongoza 3–1 seti ya pili, halafu akapoteza yote. Ana miaka 14! Na bado mwaka uliofuata kampuni ya viatu ya Reebok wakamsaini kwa dola milioni 12.

Baba Imani: Kwa hiyo nisimpeleke mashindanoni?

Tatu: Mpeleke anapotaka mwenyewe, baba mdogo. Samahani kama nimekosea kusema.

Mjomba Mkubwa: Hujakosea.

Mama Imani: Shikamooni. Nilikuwa nimenyamaza ila acha niseme, maana wote humu ni wakubwa zangu. Mashindano ya mwezi uliopita baba Imani alisimama kwenye uzio akipiga kelele kila pointi. Usiku namuogesha mtoto, anakunja kiganja, hataki nikione. Nikakifungua kwa nguvu. Lengelenge limepasuka, ngozi imetoka, na alicheza hivyohivyo. Namuuliza mbona hukusema? Akasema, "Baba angesema sitaki kucheza." Ana miaka kumi na moja.

Mama Tatu: Maskini mtoto 😢

Shangazi: Kidonda kimefunga? Kama bado, kifunike na plasta safi.

Mama Imani: Kimefunga shangazi, asante.

Baba Imani: Sikujua hili la kiganja.

Baba Imani: Mama Imani, kweli sikujua.

Mama Imani: Najua hukujua, baba Imani.

Shangazi: Mwanangu, hatukulaumu. Unampenda, wote tunaona. Nenda kamwulize yeye anataka nini, halafu umsikilize mpaka amalize.

*(saa mbili baadaye)*

Baba Imani: Nimemwuliza. Alikaa kimya kwanza, nikangoja. Anasema tenisi anaipenda, hataki kuacha. Ila hataki saa 11 alfajiri, na Jumamosi anataka acheze wawili wawili na Tatu, maana Venus alikuwa na Serena na yeye yuko peke yake. Nimemwomba radhi ya kiganja. Akanionyesha mwenyewe.

Tatu: Niko tayariii! Jumamosi nakuja 🎾

Mjomba Mkubwa: Nina kiroba cha mipira ya zamani stoo, nilipewa klabuni. Yaweza kufika thelathini. Jumamosi saa tatu naileta kiwanjani. Nitawaonyesha inavyopigwa.

Mama Imani: Asante mjomba. Raketi ya ziada utakuwa nayo? Nataka na mimi nijifunze.