Tupeane uzoefu: mti, ziwa au mlima gani ukiuona kwenye picha unakumbuka kwenu?

Lenzi ya Katonga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga picha hapa Kigoma mjini. Nimezaliwa Baraka, ng'ambo ya ziwa, nikavushwa nikiwa mdogo mwaka 1996 vita ilipochacha. Vibali viko sawa, kabla hamjaanza. Kinacholisha familia ni harusi na picha za paspoti, ila roho yangu iko kwenye miti na ziwa.

Huwa napanda Bangwe na lenzi ndefu kuitafuta Kongo. Julai hadi Septemba hupati kitu. Mapori yanachomwa, moshi unatanda, ziwa linaishia kwenye ukijivu. Mvua za Novemba zikishaiosha hewa, unaamka asubuhi unakuta milima imejipanga pale, hadi makorongo yake unayaona. Ziwa hili la Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, lakini upana wake kwa wastani ni kilomita 50 tu. Siku hiyo studio haifunguliwi.

Kwa kazi hii ya miti na ziwa, sura za watu sipigi. Mtu aliyekimbia hapendi uso wake uzagae, ana sababu zake. Ila mwambie akuoneshe mti anaoupenda, mtaongea hadi jua lizame. Mama mmoja wa Kibembe alinipeleka kwenye mchikichi nyuma ya nyumba yake, akanishika mkono na kunisimamisha upande wa mashariki ili ziwa lionekane nyuma ya shina. Pale matawi ya zamani yalipokatwa vilikuwa vimeota vimea vya kijani. Nikataka kuving'oa picha iwe safi, akanizuia. Kwao navyo vilikuwepo.

Leteni za kwenu. Si lazima picha iwe nzuri.

Mtoto wa Ulyankulu

Mzee wangu alitoka Burundi 1972, akaletwa huku Tabora. Ni mmoja wa wale zaidi ya laki moja na nusu waliokuja kupewa uraia wa Tanzania. Cheti chake kiko kwenye sanduku na funguo anatembea nayo. Lakini mlima bado anautafuta. Tabora ni tambarare, miombo na mizinga ya nyuki mpaka macho yachoke.

Mwaka juzi nilienda na simu yenye kamera ya maana, akasema nimpige juu ya kichuguu. Vya kule si vichuguu vya kuruka, vingine vinaizidi nyumba. Akavaa koti, akapanda na fimbo yake, halafu akaniamuru nichuchumae nipige kutokea chini ili miti ya nyuma isionekane. Ukiiona ile picha utaapa yuko kwao Bururi, juu kabisa. Amewatumia ndugu wote. Hakuna aliyeambiwa ukweli.

Bint Nyarugusu

😂😂 Salimia mzee.

Mimi niko Marekani, tulihamishwa kutoka kambini. Wakubwa zangu wanaililia Kongo, mimi sijawahi hata kuikanyaga. Nimezaliwa Nyarugusu, huko Kasulu ambako ziwa unalisikia kwenye hadithi tu. Ninachokumbuka ni vumbi jekundu la kiangazi, lile linaloganda kwenye visigino na sabuni haliiogopi. Hapa Georgia udongo mwekundu upo pia. Siku moja nikaona pembeni ya barabara wanachimba msingi, nikasimamisha gari nikapiga picha shimo. Mume wangu akauliza nina nini. Ndiyo picha iliyopo mbele ya simu yangu mpaka leo.

Dagaa Tupu

Mleta mada, kwenye zile picha za wavuvi usiku ulizowahi kuweka, umeandika taa zao ni karabai, zile za mafuta. Karabai siku hizi ni za kuhesabu, zile ni taa za betri na sola. Angalia mwanga, ni mweupe. Wa karabai ulikuwa na umanjano.

Ukitaka ziwa liwake kama mji, usije siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, tunabaki nchi kavu tunashona nyavu. Njoo siku za giza. Na kama unaacha shata ya kamera wazi sekunde nyingi, usipande mtumbwini, utapata michirizi. Simama Kibirizi.

Mimi ni Muha wa hapahapa, sijahama popote. Ila ufukwe niliochezea utotoni ziwa lilipanda miaka hii likaumeza, na picha sina. Sijui na mimi mnaniweka kundi gani.

Mjukuu wa Ujiji

Kuna watu huku Kigoma wanapenda kuhoji uraia wa wenzao. Wahoji na miti basi. Miembe iliyofuata njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi kwetu Ujiji, asili yake ni Asia. Michikichi asili yake ni Afrika Magharibi na Kati. Hata pale Livingstone alipokutana na Stanley 1871, mwembe wa wakati ule ulishakufa, hii inayopigwa picha na watalii inasemekana ni uzao wake.

Sisi Wamanyema, wenye asili ya Kongo, tulikuja na misafara hiyohiyo. Picha yangu ni ya mwembe wa uani, una makovu ya kamba za bembea kwenye tawi la chini. Siiweki hapa, dada zangu wamo pichani na wamekataa.

Mchokozi

Swali fupi: nani ananunua picha ya mti?

Lenzi ya Katonga

@Mchokozi, mpaka sasa mteja ni mmoja. Na nahisi alipenda fremu.

@Bint Nyarugusu, hilo shimo lilete.

@Mtoto wa Ulyankulu, mwombe mzee ruhusa, akikubali nataka kuichapa kubwa ile ya kichuguu. Itume kama faili. Ukiituma WhatsApp kikawaida inaikamua mno, nikiikuza koti litakuwa vipande vipande.

@Dagaa Tupu, mwezi ukipungua nakuja Kibirizi na stendi yangu ya kamera. Wewe niambie tu nisimame upande gani wa mwalo.