Tupeane uzoefu: Nyumba za kupangisha kwa anayeanza

Wadau, habari za leo. Nina kiwanja Chanika, nimejichanga vya kutosha kuanza vyumba vya kupangisha. Bei ya tofali na bati ninayo. Naomba wenye nyumba mniambie mnayokutana nayo wapangaji wakishaingia. Wapangaji nanyi karibuni.

Mdau, Mbagala:
Mkuu, anza na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Usijenge vyumba sita ukategemea mita moja. Kwangu huyu alikuwa na friji, yule anapiga pasi kila usiku, na bibi wa chumba cha mwisho ana taa moja na redio, halafu wote wanachangishwa sawa. Umeme ukiisha saa nne usiku anayepigiwa simu ni mimi. Nilipofunga mita ndogo kwa kila chumba, ugomvi ulikwisha na watu wakaacha kuhama hama.

Jambo jingine: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa, wakati mwenye deni ni mwenye nyumba. Mimi nimeandika kwenye mkataba kwamba hela hiyo nampunguzia mpangaji kwenye pango. Ni haki yake.

Mdau, Nyegezi Mwanza:
Napangisha wanafunzi. Wanalipa kwa muhula, likizo ndefu vyumba vinabaki na makufuli tu. Mapato yangu nayapigia hesabu ya miezi ya masomo, sio mwaka mzima. Na weka simtanki mapema: mwanafunzi anauliza maji kabla hajauliza bei.

Mpangaji, Tabata:
Sisi tunaambiana. Shimo la choo likijaa na mwenye nyumba hapokei simu, dalali hata alete watu kumi, majirani watawanong'oneza getini. Ninapokaa sasa pango liko juu kidogo, lakini mama mwenye nyumba huita gari la majitaka kabla harufu haijaanza. Sihami.

Mdau, Dodoma:
Wote mmerukia wapangaji. Ndugu, hicho kiwanja umekifanyia upekuzi ofisi ya ardhi kujua mmiliki halali, au una karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu? Na kiko umbali gani na barabara? Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati. Kuna watu wana nyumba nzuri zenye alama ya X ya kubomolewa ukutani, na hakuna mpangaji wa maana anayelipa miezi sita hapo. Nenda na futi kamba kabla ya kumwita fundi.

Mdau, Mombasa:
Huku Kenya, tangu Januari 2024 kodi ya KRA (mamlaka ya mapato) kwa pango la makazi ni asilimia 7.5, ilikuwa 10. Inatozwa juu ya pango lote ulilopokea, gharama za matengenezo huruhusiwi kuzitoa kwanza. Basi pango lipokee kwa simu au benki, uwe na kumbukumbu.

Mwenye uzi:
Nashukuruni sana. Wa Mbagala, hizo mita ndogo wanafunga TANESCO?

Mdau, Mbagala:
Hapana, mita kuu ndiyo yao, ndogo ni zako. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na mwambie kila chumba avute waya wake kabla hamjapiga plasta.