Nyota tano za nini? Nyumba ya wazee hapa Houston imempa mama yangu skizofrenia akiwa na miaka 79

Wakuu, kwema?

Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, atakayechoka apite tu. Nina miaka 17 Marekani, na 11 kati ya hiyo nimekula kwa kazi ya CNA. Kwa mlio nyumbani, mimi ndiye yule anayewaogesha wazee wa watu, anayewabadilisha pampasi, anayewalisha uji kijiko kwa kijiko. Nyumba hizi nazijua kuanzia mlango wa nyuma. Na bado nimeingizwa mjini kama mgeni aliyeshuka jana uwanja wa ndege.

Mama yangu ni mtu wa Tanga. Dimenshia ilimwanza taratibu: kwanza akawa anauliza jambo moja mara sita, halafu akawa anamuulizia baba, ambaye tulimzika zamani. Nilikaa naye nyumbani miaka mitatu. Siku aliyowasha jiko la gesi saa tisa usiku akalala, nikavumilia. Siku polisi walipomkuta pembeni ya barabara kuu, kanga mbili na ndala, "anaenda sokoni Mgandini", nikajua peke yangu siwezi tena. Kaka yangu wa Tanga alinitukana kwenye simu hadi nikazima. Sawa.

Nikatafuta nyumba yenye wodi ya wazee wanaosahau. Nikafanya kila wanachotuambia tufanye. Nikaingia kwenye tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, ile inayozipa nyumba za wazee nyota kuanzia moja hadi tano tangu mwaka 2008. Nikaipata yenye tano. Nikaenda kutembezwa, Jumanne saa nne asubuhi. Kuna tangi la samaki, kuna piano, kuna dada mwenye suti anayeniita kwa jina kana kwamba tumesoma wote. Sakafu inang'aa. Mlango wa wodi una namba za siri ili wazee wasitoroke. "Wafanyakazi wetu wote wana mafunzo ya dimenshia." Mimi, CNA wa miaka 11, sikuuliza mafunzo ya saa ngapi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kuamini.

Dola 6,200 kwa mwezi. Na kabla hamjauliza: hapana, Medicare hailipi mtu kuishi huko. Inalipa siku chache za matibabu baada ya kulazwa hospitali, mwisho 100, basi. Nauza nguvu zangu usiku kulipia.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nakwenda mchana kabla ya shifti yangu. Mama yuko safi, nywele zimesukwa vibaya lakini zimesukwa. Mwezi wa tatu ratiba yangu ikabadilika, nikaenda Jumapili saa kumi na moja jioni bila kumwambia mtu.

Nilimkuta ukumbini, kiti cha magurudumu kimegeuzwa ukutani. Kichwa kimeanguka kifuani, udenda umelowesha blauzi. Nikamwita mara nne ndipo akafungua macho, na macho yenyewe hayakuwa yake. Pampasi imejaa, ya tangu asubuhi, mimi hilo sihitaji kuambiwa na mtu. Kwenye meza sahani ya chakula cha mchana haijaguswa, na juu yake vipande viwili vya nguruwe. Kadi ya chakula ya mama imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hali nguruwe, niliijaza kwa mkono wangu siku ya kwanza. Mama amefunga Ramadhani tangu akiwa mtoto.

Wodi nzima ilikuwa na wazee 31 na CNA wawili. Mmoja ni binti wa kibarua aliyeletwa na kampuni ya wakala, ndiyo siku yake ya kwanza pale, hajui hata jina la mama. Simlaumu. Nimekuwa yeye. Wazee 15 kwa mtu mmoja, nusu yao wanahitaji watu wawili kuinuliwa, hapo unachagua nani akae na mkojo. Anayepiga kelele unamwendea kwanza, na mama alikuwa amenyamazishwa.

Nikadai kuona orodha ya dawa. Nina hati ya kumwakilisha kwenye matibabu, hawana pa kukataa. Kumbe siku 12 nyuma ameanzishiwa Seroquel, dawa ya wagonjwa wa akili, mara mbili kwa siku. Na kwenye faili lake, chini ya dimenshia na presha, umeongezwa ugonjwa mpya, wa akili: skizofrenia.

Jamani. Mwanamke wa miaka 79. Amelea watoto sita, ameendesha genge la nazi na samaki miaka 30, hajawahi kulazwa kwa akili hata siku moja. Skizofrenia imemsubiri afike Texas?

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya nifungue huu uzi. Skizofrenia haikuingia kwa bahati mbaya. Nyumba za wazee hupimwa kwa asilimia ya wazee wanaopewa dawa za namna hiyo, na mzee mwenye skizofrenia hahesabiwi. Ukimwandikia mzee ugonjwa huo, dawa yake inatoweka kwenye hesabu na nyota zako zinabaki ziking'aa. Ujanja huu unajulikana, hadi mwaka 2023 serikali kuu ikaanza kukagua mafaili kutafuta skizofrenia za kubuni. Na dawa zenyewe, tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeziwekea onyo lake kali kabisa: kwa mzee mwenye dimenshia zinaongeza uwezekano wa kufa. Sheria ya 1987 inakataza kumlewesha mzee kwa dawa ili wafanyakazi wapumzike.

Hapa Texas dawa hizi zinahitaji ridhaa ya maandishi. Nikaiomba. Wakanionyesha karatasi yenye sahihi ya mama mwenyewe. Mama ambaye wiki hiyo aliniuliza kama basi la Korogwe limeshaondoka.

Sababu waliyoandika ni kwamba "anapiga kelele na kuwasukuma wafanyakazi, hasa jioni". Nikasoma maelezo ya manesi ukurasa kwa ukurasa. Nesi mmoja mwenye roho nzuri alikuwa akijaribu kuandika maneno anayoyasikia, kwa tahajia yake. Nikakaa nayo. "Nataka choo." "Nataka choo." "Mwanangu, nishike, nataka choo." Siku tano mfululizo. Dimenshia ikizidi, mara nyingi lugha uliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka, na Kiingereza cha mama hata hapo awali kilikuwa cha salamu. Mtu anaomba kupelekwa haja kwa adabu zake zote, wanaandika vurugu. Anakawia, anajichafua, anamsukuma anayekuja kumvua nguo bila kumwambia kitu, wanaandika vurugu zaidi. Kisha kidonge.

Tena kulikuwa na dawa isiyo na madhara na niliwaambia siku ya kwanza: mpeni kanga azikunje. Nilipeleka doti sita. Mama akikunja kanga anatulia saa nzima, anazipanga kama zinauzwa. Wakazichukua, eti atajikwaa. Mbili nimeziona zimetandikwa kwa mzee mwingine, nne hazijulikani.

Muuguzi mkuu aliniitia kikao Jumatano. Anatabasamu. "Sisi ni nyumba ya nyota tano." Akalirudia mara tatu kama dua. Basi na mimi nikaamua kuzichambua hizo nyota, na hiki ndicho nilichopaswa kukijua kabla sijasaini.

Nyota moja kubwa ni ya matokeo ya wakaguzi wa jimbo. Nzuri, wale wanakuja kwa macho yao. Lakini nyumba zinashindanishwa ndani ya jimbo: asilimia 10 za juu hupata tano, asilimia 20 za chini hupata moja, waliobaki wanagawana katikati. Kwa hiyo tano maana yake umewazidi majirani zako wa Texas. Kama majirani ni wabovu, hongera. Nyota nyingine ni ya "ubora", nani kaanguka, nani ana vidonda vya kulalia, nani anapewa dawa gani, na sehemu kubwa ya taarifa hizo nyumba inajijazia yenyewe. Mwanafunzi anajisahihishia mtihani. Ya tatu ni ya wafanyakazi, na hiyo angalau tangu 2018 inatokana na kumbukumbu za mishahara, si maneno matupu. Hapo sasa ukibonyeza ndani unakuta idadi ya wafanyakazi wa Jumamosi na Jumapili, na wangapi wanaacha kazi kwa mwaka. Mimi niliishia kwenye picha ya nyota. Nilipoingia ndani juzi nikakuta wikiendi wameporomoka vibaya, na zaidi ya nusu ya manesi na CNA wameondoka ndani ya mwaka mmoja. Mzee asiyekumbuka sura analetewa sura mpya kila wiki!

(Msiniulize kwa nini serikali hailazimishi idadi. Mwaka 2024 ilitoa kanuni ya saa 3.48 za uuguzi kwa kila mzee kwa siku. Aprili 2025 jaji wa shirikisho, hukuhuku Texas, akaitengua.)

Na nyingi ya zile nyumba nzuri nzuri zenye jina la "matunzo ya kumbukumbu" hata kwenye nyota hamzikuti kabisa, kwa sababu zina leseni ya jimbo ya makazi ya kusaidiwa, si ya nyumba ya uuguzi. Dada zangu wanaozitazama hizo, jueni mapema.

Ningerudi nyuma ningefanya hivi. Ningekwenda Jumapili jioni, si Jumanne asubuhi. Ningekaa kimya ukumbini nusu saa nikihesabu kengele inalia muda gani kabla mtu hajaja. Ningeitafuta karatasi ya ukutani, maana sheria inawalazimu kubandika kila siku idadi ya manesi na CNA wa kila shifti pamoja na idadi ya wazee. Halafu ningehesabu vichwa mwenyewe nione kama karatasi inasema kweli. Ningeomba ripoti ya mwisho ya wakaguzi, ambayo inatakiwa iwe mahali mtu anaweza kuisoma bila kuomba, na pale kwetu ilikuwa kwenye kabati nyuma ya tangi la samaki. Ningeuliza asilimia ngapi ya wazee wanakunywa dawa hizi, na papo hapo wangapi wana skizofrenia. Ukiona wodi ina skizofrenia nyingi kuliko hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, ondoka. Ningeangalia wazee jioni: wote wamelala kwenye viti? Utulivu wa namna ile niliusifu siku ya kutembezwa. Nilisema, "pametulia".

Ningemuuliza CNA pembeni, si dada wa suti: mama yako ungemweka hapa? Mimi nimeulizwa hivyo na familia za watu, na mara mbili nilitikisa kichwa kimyakimya.

Nilipofikia: malalamiko nimepeleka kwa idara ya afya ya jimbo, kwa maandishi, na tarehe na picha. Nimempigia pia mtetezi wa wazee wa nyumba hizi, kila jimbo linaye na ni bure, na amekuja siku ya nne, mama mtu mzima mwenye daftari, aliwatetemesha. Dawa inapunguzwa kidogo kidogo kwa daktari mwingine. Kamera pia. Walinitisha kwamba ni marufuku. Texas imeruhusu familia kuweka kamera chumbani tangu 2001, unajaza fomu, mwenye kitanda cha pili anakubali, gharama juu yako. Niliwachapishia sheria yenyewe nikaiacha mezani.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyesema "mama halelewi na wageni, rudisha Tanga", njoo tubadilishane zamu. Kaka yangu huyo mwenye mdomo nilimuuliza nani atakuwa macho saa tisa usiku nyumbani kwake. Akasema "tutaona". Kwetu nako wapo mabibi wanaofungiwa chumbani na wanaoitwa wachawi kwa sababu wanasahau, tusijifanye malaika.

Wa Minnesota uliyeuliza kama nimeshawahi kuona haya kazini kwangu nikanyamaza: ndiyo. Niliona, nikaandika nilichoambiwa niandike, nikaenda nyumbani kulala. Nimelifikiria hilo sana wiki hii.

Wanaoomba jina la nyumba, siliweki hadharani mpaka ukaguzi uishe. Mwanasheria kakataza.

Ninachoomba: aliyeko Houston, Katy au Sugar Land, mnajua nyumba ambayo shifti ya jioni ina CNA anayesikia Kiswahili? Mkongo, Mrundi, Mkenya, yeyote anayejua maana ya "nataka choo". Sitaki kusikia ina nyota ngapi. Kama mwenyewe unafanya kazi humo, niambie faragha Jumapili mnakuwa wangapi.