Mnara unasumbua kila mvua ikinyesha, na Ijumaa natakiwa kutoa ripoti

Mpanda_Mlingoti: Ndugu zangu, hamjambo. Nashughulikia mnara mmoja huku Shinyalu, Kakamega. Sekta ya pili ya 4G, yaani upande mmoja wa mnara, ina alamu ya VSWR, kile kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka kwa antena. Mvua ya alasiri ikipiga, alamu inawaka. Kesho yake jua likikaza, inazimika yenyewe. Nimepanda mara tatu, na radi za huku mnazijua. Niombe antena mpya au redio mpya, ule mtambo wa kurusha mawimbi? Ijumaa msimamizi anataka ripoti.

Wakala_Khayega: Mimi si fundi, ni wakala wa pesa za simu. Mvua ikianza, mteja anatuma, ujumbe haufiki, ananishika shati. Juzi mama mmoja alikaa dukani kwangu hadi saa mbili usiku akingoja ujumbe wa karo. Hiyo antena iletwe hata leo.

Kijana_Ahero: Ombeni mvua ihamie Turkana, huko inahitajika zaidi 😂

Fundi_Londiani: Usiagize kitu bado. Alamu inayokuja na mvua na kuondoka na jua, mara nyingi ni maji ndani ya konekta, kiungio cha waya. Zima urushaji wa sekta hiyo kwanza, kisha badilisha nafasi za jampa mbili, zile nyaya fupi za kwenda kwenye antena, kwenye milango ya redio. Alamu ikihamia mlango wa pili, ubovu uko kwenye jampa au antena. Ikibaki palepale, ni redio. Jana ilisoma ngapi?

Mpanda_Mlingoti: Jana haikuonekana.

Fundi_Londiani: Haikuonekana vipi, na Kakamega kulinyesha?

Mpanda_Mlingoti: Kikomo cha alamu, kile kiwango kikipitwa inawaka, kimepandishwa kutoka 1.5 hadi 3.0. Ni kwa muda tu. Tikiti ya hitilafu hii ilikuwa na siku sita bila kufungwa, na ikipita wiki tunakatwa malipo. Ombi la antena nimeshaliandika, limebaki kutumwa. Sioni ubaya, antena yenyewe ni kuukuu.

Mwalimu_Mstaafu: Mwanangu, mficha uchi hazai. Nilipokuwa mkuu wa shule huko Maseno, bati la stoo lilivuja, nami nikawa nasogeza vitabu kutoka pembe hii hadi ile, muhula mzima. Tulivichoma vyote. Mpaka leo nikisikia harufu ya karatasi mbichi moyo unaniuma.

Nguzo_Nakuru: Huu uzi umetungwa. Mpanda mnara hana ruhusa ya kugusa kikomo. Hilo hufanywa na chumba cha uangalizi, kwa neno la siri la mtu. Tena kwanza alamu inawaka, baadaye haionekani.

Kijana_Ahero: Hata mimi hapo nilishtuka. Jamaa anaandika tamthilia.

Mpanda_Mlingoti: Sijatunga. Chumba cha uangalizi kuna rafiki yangu, tulisoma pamoja. Nilimpigia nikiwa juu, wingu limeshatanda, akanifanyia. Jina lililobaki kwenye kumbukumbu ya mtambo ni lake. Ndiyo maana silali.

Nguzo_Nakuru: Basi nisamehe, ndugu. Hilo hakuna anayelitunga.

Fundi_Londiani: Afadhali umesema. VSWR ikiwa 1.5, nguvu inayorudi kwenye redio ni kama asilimia 4. Ikifika 3.0 ni asilimia 25, yaani robo ya mawimbi yaliyokuwa yaende Khayega inarudi nyumbani, na hamna anayeonywa. Rafiki yako arudishe kikomo leo, kwa mkono wake. Wewe panda asubuhi. Fungua konekta, ifute, ikauke kabisa. Ukiona kutu ya kijani, tupa jampa hiyo. Kaza kwa spana yenye kipimo. Kisha funga utepe kama mtu anayeezeka nyumba: anza chini, panda juu, kila mzunguko ulalie ule wa chini yake. Mpira wa kunata katikati, utepe wa plastiki nje. Na jampa iachwe ilegee kidogo chini ya mlango, maji yadondoke hapo.

Mpanda_Mlingoti: Utepe wa mara ya kwanza niliufunga kutoka juu kwenda chini. Mvua ilikuwa inanikimbiza.

Mwalimu_Mstaafu: Na msimamizi?

Mpanda_Mlingoti: Nitamwambia nikishashuka.

*Kesho yake, saa kumi na moja jioni*

Mpanda_Mlingoti: Nilipofungua, maji yaliniingia mpaka kwenye mkono wa koti. Jampa nimebadilisha. Kikomo kimerudi 1.5. Ombi la antena nimelichana. Msimamizi nimempigia, nikamwambia simu ya kuomba kikomo kipandishwe niliipiga mimi. Amesema tuonane Ijumaa, wote wawili. Saa tisa na nusu kulinyesha sana. Inasoma 1.2.

Wakala_Khayega: Ujumbe unafika. Nimetoka kumlipa mtu sasa hivi, na bado kunanyesha.