Mjadala: Cha juu cha fundi kwenye spea ni haki yake au ni wizi?

Hoja ninayoileta inawahusu pia wenye pikipiki, majokofu na pampu za maji, lakini nitabaki kwenye gereji za mitaani za Dar es Salaam kwa kuwa huko ndiko malalamiko yanakosikika kila siku. Fundi hukagua gari, husema boljointi (kiungo kinachoshikilia mguu wa tairi la mbele) imekwisha, hupewa fedha akanunue spea Kariakoo, kisha hurudi na bei iliyo juu ya ile aliyolipa dukani, na kazi ikiisha hudai hela ya ufundi. Wenye magari wengi huuita mwenendo huo wizi, na mafundi wengi huuona kuwa ni riziki halali ya kazi yao. Msimamo wangu ni kwamba cha juu ni halali pale fundi anapobeba hasara ya spea ikiharibika, na si halali pale anaponunua kwa fedha ya mteja na kumwachia mteja huyo hasara yote.

Nianze na upande wa fundi, ambao katika mabishano haya husikilizwa kidogo mno. Gari likiletwa linagonga mguu wa mbele kushoto, kubadilisha kifaa ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Ugumu uko katika kutambua kama kinachogonga ni boljointi, bushi, linki ya stebilaiza au shokapu. Fundi hulazimika kuliendesha gari kwenye barabara yenye mashimo, kulipandisha jeki, kushika tairi juu na chini na kulitikisa, kisha kuingia uvunguni na nondo kupima kila kiungo kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo yote wateja wengi hawailipii. Fundi akisema kupima ni shilingi 15,000, mteja huondoka kwenda gereji ya jirani ambako kupima ni bure, na akimaliza kazi kwa dakika 20, huulizwa kwa nini adai 30,000 kwa muda mfupi hivyo, kana kwamba miaka aliyoitumia kujifunza haina bei. Juu ya hapo kuna pango la eneo, vifaa, na vijana wanaojifunza kazi ambao lazima wale mchana. Sisi wateja tumekataa kulipia ujuzi waziwazi, na fundi ameuficha ndani ya bei ya spea. Lawama ya mwanzo ni yetu.

Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi kuuhalalisha utaratibu wenyewe, kwa sababu malipo yaliyofichwa ndani ya spea hufuata bei ya spea na hayafuati ugumu wa kazi. Fundi wa umeme wa magari anayeshinda kutwa nzima akitafuta waya uliokatika, akaupata na kuuunga bila kununua chochote, ataambulia hela kidogo ya ufundi. Mwenzake anayetamka kwamba altaneta (mashine inayozalisha umeme wa gari) imekufa, akaibadilisha yote wakati iliyohitajika ni kabonibrashi tu, kipande kidogo cha ndani yake, ataondoka na cha juu kinachozidi malipo ya siku ya yule mwingine. Kwa hiyo utaratibu huu unamwadhibu fundi mwaminifu anayerekebisha na kumtuza anayebadilisha. Hilo linaniudhi kuliko zile elfu chache zinazoongezwa, kwa kuwa linaharibu ufundi wenyewe.

Wako wanaoshauri kwamba mteja aende dukani mwenyewe na tatizo litakwisha. Ushauri huo hausaidii sana. Katika maduka mengi ya spea kuna bei ya fundi na bei ya mteja, na mteja akiongozana na fundi wake, muuzaji huweza kutaja bei ambayo tayari imebeba fungu la fundi, naye fundi hurudi jioni kulichukua. Akienda peke yake, huweza kuuziwa kifaa kisichooana na gari lake, na risiti imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Fungu hilo la siri ndilo baya zaidi, kwa kuwa fundi hufuata duka linalomlipa vizuri badala ya duka lenye spea bora, na kwa pedi za breki jambo hilo ni suala la uhai wa watu.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu inayohusu uwakala, na msingi wake mmojawapo ni kwamba wakala akijitafutia faida yake binafsi ndani ya kazi aliyotumwa bila aliyemtuma kujua, aliyemtuma anaweza kuidai faida hiyo. Fundi anayekabidhiwa fedha akanunue kifaa kwa niaba ya mteja ni wakala, naye anapaswa kurudisha chenji na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), si karatasi iliyoandikwa kwa kalamu bei aliyoitaja mwenyewe. Lakini fundi anayenunua kwa mtaji wake, akaweka spea kwenye stoo yake, akamuuzia mteja na kuahidi kuibadilisha bila malipo ikifa ndani ya mwezi, huyo ni mfanyabiashara, na hawajibiki kumweleza mteja alinunua kwa bei gani. Kosa liko katika kuchukua faida ya mfanyabiashara huku ukikwepa hasara kwa kudai kwamba umetumwa tu na mteja.

Najua nitajibiwa kwamba soko ni huria na kila mtu ana uhuru wa kupatana bei. Nakubali, ila mapatano yanahitaji pande zote mbili zijue kinachopatanwa. Mteja anayepunguziwa hela ya ufundi kutoka 50,000 hadi 30,000 hudhani ameshinda, kumbe zile 20,000 zimeshaongezwa kwenye spea pamoja na nyingine.

Ninachopendekeza ni kupima kulipiwe peke yake, hata kama gari halitatengenezwa hapo, na hela ya ufundi ipande ifikie thamani halisi ya kazi. Kabla ya fedha kutoka mfukoni, fundi aseme kama ananunua kwa niaba ya mteja au anauza spea yake, na spea ya zamani irudishwe kwa mwenye gari aione. Wateja watalalamika kwamba ufundi umepanda, na watalazimika kuizoea hesabu hiyo mpya. Kwa mafundi mtakaochangia, ningependa mtaje wazi: mkilipwa kiasi gani kwa kupima na kwa kazi yenyewe, mtakuwa tayari kuachana na fungu la dukani?